Msimkalishe Mzee: Juu ya Kutembea Baada ya Kukatwa Mguu

Jambo wazazi wangu, jambo ndugu na dada, na nyinyi wauguzi mliotoka zamu ya usiku mkaja hapa moja kwa moja: asanteni sana. Naona wengi mmekuja na mtu wenu. Wengine mmekuja wenyewe, kwa magongo, kwa protezi, yaani mguu wa bandia, kwa kigari cha kusukuma kwa mikono, na kwa barabara hizi za Goma najua safari hiyo si ndogo. Basi niingie kwenye jambo lenyewe.

Mimi ni kine, nafanya kazi ya mazoezi ya viungo. Kazi yangu inaanza pale daktari wa upasuaji anapomaliza yake. Swali ninaloulizwa kuliko yote huulizwa mlangoni, kwa sauti ndogo, ili mgonjwa asisikie: "Huyu mzee wetu, kwa umri wake, kweli atatembea tena?" Leo nataka kulijibu mbele ya wote, na mgonjwa mwenyewe akisikia.

Umri una uzito wake, sitawadanganya. Lakini mara nyingi unabebeshwa lawama zisizo zake. Kinachoamua zaidi ni afya aliyokuwa nayo mtu siku alipokatwa mguu, na jinsi alivyoishi wiki za kwanza baada ya hapo. La kwanza hatuwezi kulibadilisha tena. La pili limo mikononi mwenu nyinyi mliokaa hapa, na ndiyo sababu tumewaomba mje.

Tuwachukue watu wawili. Tuseme kijana wa miaka 26, motari, yaani dereva wa pikipiki, amegongwa na lori kwenye barabara ya Sake. Mguu umesagika, umekatwa juu ya goti. Halafu tuseme mama wa miaka 63 anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenye soko la Kituku. Ana ugonjwa wa sukari kwa miaka mingi, kidonda kidogo cha kidole kimepanda hadi kwenye nyayo, na mwishoni amekatwa chini ya goti. Nani atatembea kwa urahisi zaidi?

Ukimwuliza fundi wa protezi akiangalia vigutu tu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki, atakwambia mama ana nafuu kubwa. Goti lake limebaki, na goti la kuzaliwa nalo halina mfano katika karakana yoyote duniani. Lakini vipimo vinasema jambo jingine. Mwaka 1976, Robert Waters na wenzake wa hospitali ya Rancho Los Amigos, huko California, walichapisha vipimo vya watu wanaotembea kwa protezi: mwendo wao na oksijeni wanayotumia. Mtu mzima mwenye miguu yote miwili hutembea kama mita 80 kwa dakika. Waliokatwa chini ya goti kwa ajali walitembea mita 71. Waliokatwa mahali hapo hapo, chini ya goti, lakini kwa sababu ya mishipa ya damu iliyoharibika, walitembea mita 45. Na waliokatwa juu ya goti kwa ajali walitembea mita 52.

Nirudie, maana hesabu hii ndiyo iliyonifanya nibadili namna ya kuwapokea wagonjwa. Aliyepoteza goti akabaki na mwili wenye afya alimpita aliyebaki na goti lake katika mwili uliochoka. Kweli, wale wa ajali walikuwa pia vijana zaidi, kwa hiyo umri na ugonjwa vimechanganyika katika namba hizo. Lakini mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi hii atakwambia anaowajua: wazee wa miaka 70 waliolima maisha yao yote, moyo wao mzima, wanaotembea vizuri kuliko mtu wa miaka 50 mwenye sukari isiyofuatiliwa.

Sababu yake ni nguvu inayotumika. Kutembea kwa protezi kunaudai mwili zaidi, kila hatua. Aliyekatwa chini ya goti kwa ajali hutumia, kwa kila mita, kati ya robo na theluthi zaidi ya mtu mwenye miguu miwili. Mwenye mishipa mibovu aliyekatwa juu ya goti hutumia zaidi ya maradufu. Ni kama moto, yaani pikipiki, iliyobeba magunia mawili ya makaa kutoka ziwani: inafika, lakini tanki linaisha haraka. Mwili unalijua jambo hilo, kwa hiyo wenyewe unapunguza mwendo ili moyo usizidiwe. Mama akitembea polepole na protezi yake, msimwambie "harakisha, watu wanatungoja." Anakwenda kwa kasi ambayo moyo wake unaweza kuilipia.

Ndiyo maana sisi kabla ya kumpeleka mtu kwenye karakana tunauliza mambo ambayo familia inaona hayahusiani na mguu. Analala na mito mingapi ili apumue vizuri? Akiosha vyombo anahema? Damu yake ikoje? Hapa kwetu malaria na upasuaji vinakutana katika mwili mmoja, na mtu mwenye upungufu wa damu hawezi kupeleka oksijeni ya kutosha kwenye misuli, hata awe na miaka 20. Ukimrundikia mazoezi kabla ya kumtibu damu, atachoka, ataona aibu, atasema protezi ni nzito. Protezi haina kosa. Na chakula: kidonda na misuli vinajengwa kwa maharagwe, mayai, na hizo sambaza zetu ndogo. Bugali, yaani ugali, peke yake na majani haitoshi kwa mtu aliyetoka kupasuliwa. Najua bei. Lakini kama nyumbani kuna sahani moja ya sambaza, wiki hizi iende kwa mgonjwa.

Sasa umri wenyewe unafanya nini? Misuli inapungua mwaka baada ya mwaka, na baada ya miaka 60 inapungua haraka zaidi. Macho yanafifia, na masikio ya ndani, yale yanayotuambia kama tumesimama wima, yanachelewa kutoa habari. Kumbukumbu nayo ina kazi kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Kuvaa protezi kuna utaratibu: soksi ngapi za kigutu leo, kikombe cha protezi, pale kigutu kinapoingia, kimekaa sawa au kimegeuka, goti la protezi limejifunga au bado. Mtu anayesahau utaratibu huo ataanguka hata kama misuli yake ni mizuri. Mzee wa namna hiyo anahitaji mtu mmoja nyumbani, yule yule kila siku, wa kusimama naye asubuhi anapovaa, na afadhali mtu huyo ajulikane tangu mapema.

Watafiti wa Groningen, Uholanzi, walichapisha mwaka 2003 kazi waliyofanya na watu wenye zaidi ya miaka 60 waliokatwa mguu mmoja. Waliwapima wiki 2 baada ya upasuaji, kisha wakaangalia hali yao mwaka mmoja baadaye. Umri ulihesabika, na kumbukumbu ilihesabika. Lakini na kitu kimoja cha kawaida kabisa kilihesabika: je, mgonjwa anaweza kusimama bila kushikilia kitu, kwa mguu uliobaki? Tangu hapo, mimi nikifika kitandani siangalii kwanza kigutu. Naangalia mguu mwingine. Huo ndio utakaombeba kutoka kitandani hadi chooni kesho asubuhi, na huo ndio ambao familia nyingi zinausahau kwa sababu macho yote yako kwenye bandeji.

Hapa nataka kukaa kidogo, mniwie radhi.

Sisi tunawaheshimu wazazi wetu. Mzee akiugua, hachoti maji, hainuki kuchukua kikombe, hafungui mlango. Wajukuu wapo. Koko, yaani bibi, anakalishwa kwenye fotei, kile kiti cha kupumzikia, anawekewa mto chini ya mguu, analetewa bugali mkononi, na jirani akipita anasema, "Kweli, hawa watoto wanampenda mama yao." Na wanampenda. Lakini mwaka 2007 huko Marekani walichapisha jaribio la wazee wenye afya, wa miaka kama 67, waliokubali kulala kitandani siku 10 mfululizo. Hawakuwa na kidonda, hawakuwa na sukari, hawakukatwa chochote. Katika siku 10 walipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya misuli ya miguu. Sasa fikirieni mzee aliyekuwa na kidonda miezi 4 kabla ya upasuaji, akakaa hospitali, akarudi nyumbani akakalishwa kwa heshima miezi mingine 3 akisubiri protezi. Akifika kwangu, nakuta mtu asiyeweza kusimama kwenye mguu wake mzima. Familia inasema, "Ni umri." Hapana, wapendwa. Sehemu kubwa ya hilo ni fotei.

Na ule mto! Naomba leo ukiondoka hapa uuondoe. Mto chini ya goti au chini ya paja unaleta raha, ndiyo, lakini kigutu kinachokaa kimekunjwa mchana na usiku, misuli na kano zake hufupika. Goti likishazoea kukunjika, halinyooki tena kwa urahisi, na protezi haiwezi kuwekwa vizuri kwenye goti lisilonyooka. Nimeona watu walioweza kabisa kutembea wakazuiwa na mto. Aliyekatwa chini ya goti, akikaa, awekewe ubao au kiti mbele, goti linyooke juu yake. Aliyekatwa juu ya goti alale kifudifudi, tumbo chini, dakika 20 asubuhi na dakika 20 jioni, ili nyonga isikunjike. Kama ana shida ya moyo au ya kupumua, asilazimishwe kulala hivyo. Atulie chali, kigutu kikikandamiza kitanda, paja likinyooka. Bandeji ya kuvutika ifungwe kwa kuzungusha kama namba 8, ikibana zaidi mwishoni mwa kigutu na kulegea kuelekea juu. Ikifungwa kinyume chake, kigutu kinavimba chini kama kibuyu, na kikombe cha protezi hakitakubali. Wauguzi watawaonyesha leo, kwa mikono, meza ile ya kulia.

Kwa hiyo mwacheni mzee achukue kikombe chake. Ainuke kwenye kiti mara 5 kabla ya chakula, akishika meza, mtu akiwa karibu yake bila kumbeba. Asimame anaposali. Heshima tutamwonyesha kwa kumsubiri amalize.

Sasa nizungumze na wenye sukari, na hapa nitakuwa mkali kidogo kwa sababu ninawapenda. Mguu uliobaki uko hatarini. Ugonjwa ule ule uliochukua wa kwanza uko pia kwenye wa pili, na sasa huo wa pili unabeba kazi ya miwili. Tafiti za Ulaya na Marekani zinaonyesha kwamba karibu nusu ya wenye sukari waliokatwa mguu wanafariki ndani ya miaka 5, wengi kwa moyo na figo. Sisemi hivyo kuwatisha. Nasema kwa sababu wengine wakishakatwa mguu wanaona ugonjwa umeondoka pamoja nao, wanaacha dawa. Sukari haikukatwa.

Na tunaishi juu ya mawe ya volkano. Tangu Nyiragongo ilipoteremka katikati ya mji mwaka 2002, kuna kartiye, yaani mitaa, ambazo uwanja wa nyumba ni lava tupu, yenye ncha kama chupa iliyovunjika. Mguu uliokufa ganzi hausikii ncha hiyo. Mtu anatembea nayo siku nzima, jioni anaona damu kwenye kambambili. Basi kila jioni, kabla ya kulala, mguu uliobaki uangaliwe: nyayo, kisigino, katikati ya vidole. Kama macho ya mzee hayaoni vizuri, na sukari huharibu macho pia, mjukuu aangalie kwa taa ya simu. Maji ya kunawa yajaribiwe kwa kiwiko cha mtu mwingine. Hata ndani ya nyumba asitembee peku. Kiatu kilichofungwa, kipana mbele, kitikiswe kabla ya kuvaliwa, maana kijiwe kimoja kinatosha. Kidonda kikionekana, kituo cha afya siku hiyo hiyo. Majani ya kubandika, majivu, kumwaga spiriti ndani: tumewapoteza watu wengi hapo.

Mwenye shida ya figo au moyo ajue pia kwamba kigutu chake kitabadilika ukubwa, asubuhi hivi, jioni vile. Ajifunze kuongeza na kupunguza soksi. Kikombe kikianza kumbana au kulegea, arudi kwa fundi, asivumilie.

Vijana, msidhani nimewasahau. Hapa mashariki mwa Kongo wengi wenu mlipoteza mguu kwa risasi na mabomu, na vituo kama Shirika la Umoja hapa Goma na Heri Kwetu kule Bukavu, vinavyosaidiwa na CICR, yaani Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, vimewatengenezea watu wengi protezi za plastiki ngumu tunazozijua. Mna moyo mzuri na misuli. Mkianza mapema mtatembea, na wengine mtarudi kupanda moto. Lakini kijana naye anazeeka. Goti la mguu mzima, likibeba kazi yote kwa miaka 20, linachakaa mapema, mgongo nao. Ukiruka kwa mguu mmoja na magongo kwa sababu protezi imevunjika na huna muda wa kurudi karakanani, unamkopa mtu utakayekuwa ukiwa na miaka 45. Isitoshe, magongo bila protezi humchosha mtu zaidi kuliko protezi inayomkaa vizuri, moyo unapiga kwa kasi zaidi. Protezi ya mtu mzima hudumu miaka 3 hadi 5. Ya mtoto hubadilishwa baada ya miezi 6 hadi mwaka, kwa sababu anakua. Pesa ya safari ya kurudi iwekwe pembeni tangu mwanzo, kama mnavyoweka ya shule. Na unene na pombe: kila kilo inayoongezeka inapita kwenye kigutu, na pombe na protezi kwenye mawe ya Goma usiku, matokeo yake mnayajua.

Kuna maumivu ya mguu ambao haupo. Yapo kweli, wengi sana wanayapata, kijana kwa mzee. Mtu akisema vidole vyake vinawaka wakati havipo, msimpeleke kutolewa pepo. Mleteni, kuna dawa na kuna mazoezi. Anayelala bila usingizi wiki nzima hana nguvu ya kujifunza kutembea.

Nimalizie na wale ambao hawatatembea kwa protezi, kwa sababu wapo, na wanastahili kuambiwa ukweli na mtu anayewaangalia usoni. Mama wa miaka 78, moyo dhaifu, amekatwa miguu yote miwili juu ya goti: nikimwahidi kwamba atatembea hadi soko la Virunga, namdanganya. Kwake tunatafuta mambo mengine. Ahame kutoka kitandani hadi kwenye kigari bila kubebwa. Afike kanisani. Apike amekaa. Wengine tunawapa protezi ambayo kazi yake ni kusimama tu, dakika chache, wakati wa kugeuka chooni au kuvaa. Hizo dakika chache zinaweza kumwondolea binti yake mzigo wa kumwinua mara 6 kwa siku. Kigari kwa mtu kama huyo ni mguu wake, familia isikione kama kushindwa, na isikifiche mgeni akija.

Choo ndicho kinachowaangusha wengi. Choo chetu cha kuchuchumaa, usiku, giza, sakafu ya maji. Utafiti mmoja wa Kanada uliochapishwa mwaka 2001 ulikuta kwamba zaidi kidogo ya nusu ya watu waliokatwa mguu walianguka ndani ya mwaka mmoja, na wao wana taa na sakafu sawa. Seremala yeyote wa kartiye anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu katikati, cha kuweka juu ya choo, na mti wa kushikilia ukutani. Fanyeni hilo kabla mgonjwa hajatoka hospitali. Ondoeni mawe kutoka mlangoni hadi chooni. Na mzee afundishwe jinsi ya kuinuka kutoka chini, akiwa na mtu, mchana, kabla hajaanguka peke yake usiku.

Jambo moja linaniuma, na nalisema wazi. Aliyejeruhiwa vitani au kwenye ajali tunamwona haraka, kila mtu anasikia kishindo. Mzee mwenye sukari anakatwa mguu kimya kimya, anarudi nyumbani, na anafika kwetu baada ya miezi, nyonga imeshakunjika. Wauguzi, daktari akishaamua kukata, tuiteni siku hiyo, kabla ya upasuaji. Tunaweza kumfundisha kusimama kwenye mguu mzima akiwa bado na miwili.

Mkija kwa miadi ya kwanza, leteni dawa zote anazomeza, hata za kienyeji, na karatasi za sukari na presha. Aje na yule anayempikia na yule anayelala naye chumba kimoja. Na leteni viatu vyote viwili, hata kile cha mguu usiokuwepo, kile atakachovaa kila siku, maana fundi hupima urefu wa protezi na mlalo wa nyayo kwa kisigino cha kiatu hicho. Akiletewa kiatu cha harusi na mzee akaenda kuvaa sandali, itabidi mrudi tena. Haya, nani ana swali? Tuanze na mama pale nyuma, aliyeinua mkono tangu niliposema habari za mto.